Ubao wa Makamanda

Wamenipa ubao wa mninga, futi sita kwa nne,
brashi namba mbili, na kopo la rangi ya dhahabu
ambalo afande wa stoo alinisainisha kama bunduki.
"Majina kumi na moja," akasema, "na miaka yao.
Kesho mgeni rasmi anavuta pazia."

Nimeanza na wa kwanza. Jina la kigeni,
herufi zimebanana
kama watu waliokimbilia mvua baraza moja.
Enzi zake Wete haikuwa na zimamoto.
Askari yule yule aliyemkamata mwizi wa kuku asubuhi
usiku aliburura pampu ya magurudumu mawili
mpaka Utaani, filimbi mdomoni,
na mwizi wa kuku nyuma yake akisukuma,
maana mikono haikutosha.
Hilo ubaoni halimo. Ubao unataka miaka tu.

Wa pili alileta kofia za shaba.
Wa tatu alizifungia kabatini zisipate mikwaruzo.
Wa nne, Asaa Kheri Mjaka, Mpemba wa kwanza,
na mkono huu unaotetemeka kwa sukari
umempa herufi ya mwisho kijimkia.
Yeye ndiye aliyewafundisha askari visima:
cha Jadida kina maji mpaka Disemba,
cha Limbani kina chumvi, kitaua pampu,
cha msikitini usichote bila kupiga hodi
hata paa likiwaka.

Wa tano alikuwa na sauti. Sijui jingine.

Zama za wa sita, polisi na zimamoto waligawana
kama ndugu wanavyogawana mikarafuu ya marehemu:
wewe pingu, mimi ngazi,
wewe filimbi, mimi ndoo,
na mti mmoja wa mpakani hauishi kesi.
Huyu wa sita aliitwa Unguja, mkutano wa siku mbili.
Alirudi baada ya siku kumi na tisa
akakuta ghala la karafuu limekuwa uwanja.

Hapo brashi ikasimama.

Aliyekaimu siku zile ni Sajini Kombo Shaame Ngwali.
Tangi moja la maji, upepo unatoka Bopwe,
kushoto karafuu za serikali, msimu mzima umo ndani ya magunia,
kulia nyumba kumi na nne za makuti.
Inspekta wa polisi akapaza sauti: "Ghala! Ghala kwanza!"
Sajini akaupa ghala mgongo
akayalowesha makuti.

Siku tatu mji ulinuka kama jino lililotiwa dawa.
Siku ya nne ikaundwa kamati.
Wakamvua tepe, wakampa ufunguo wa geti la skuli,
na huko akazeeka akipiga kengele.
Bibi yangu, nyumba ya sita kulia,
hadi anakufa alikuwa akimlaani
kwa godoro lake la sufi lililoloa
akalilalia likiwa na ukungu miaka minane.

Nilimuuliza afande wa stoo. Akafungua faili.
"Kaimu haandikwi. Waraka unasema."
Nami sibishani na waraka.
Nikaandika wa saba, chini kidogo,
wa nane, wa tisa, wa kumi aliyetuletea gari jekundu lenye kioo kilichopasuka,
mpaka wa kumi na moja: Kamanda Time Hamad Songoro,
ambaye yu hai, na ambaye usiku huu
ameingia bila kofia kuangalia kazi yangu.

Amesoma kwa kidole, bila kugusa.
Baina ya wa sita na wa saba kidole kikasita.
"Hapa nafasi imezidi."
"Imezidi, afande."
"Rangi imebaki?"
"Kidogo. Ya jina moja, lisiwe refu."

Hakusema kitu. Akalivuta daftari la stoo,
akaandika kwa mwandiko wake wa kulala:
*Rangi ya dhahabu, kopo moja. Limekwisha.*
Akasaini, akazima taa ya ukumbini,
ya mezani kwangu akaiacha,
na kopo, kifuniko chake hajakigusa.